Paka Mwitu Katika Mtutu wa Halvor

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa mafuta ya mikono. Ardis Stokke aliendesha greda la kaunti kwenye barabara za changarawe kutoka Benham mpaka miguuni mwa milima, na kila vuli baridi ya Montana ilimpasua vidole kama matope ya bwawa lililokauka. Kopo lake la mafuta ya sufu ya kondoo lilikuwa limekaa kando ya sinki la jikoni tangu siku za mwanzo za ndoa yake. Siku hiyo halikuwepo. Alilikuta kwenye chumba cha kufulia, halina kifuniko, limechimbwa kwa vidole vinene vyenye masizi, katikati ya meza ya mumewe. Verlin alikuwa ameinama pale, anapaka maganda ya risasi moja baada ya jingine, kwa upole ambao Ardis mwenyewe hakukumbuka kupakwa nao.

"Yanateleza kama nini," Verlin alisema bila kugeuka. "Ya kwenye duka la bunduki ni wizi mtupu."

"Na mikono yangu?"

"Vaa glavu, mpenzi."

Kisha ukapotea unga wa mahindi. Kisha foronya: maganda machafu yalitiwa ndani, foronya ikapigwa fundo na kurushwa kwenye mashine ya kufulia, na tangu hapo shuka za nyumba nzima zikanuka kama sarafu za zamani. Sabuni nayo ikaanza kupungua, si kwa kuogewa, maana Verlin hakuwa ameongeza usafi wowote ulioonekana. Jiwe la kunolea visu lilihama. Kipimajoto cha oveni kilihama. Ardis alipouliza, aliambiwa kwamba mradi ulikuwa wa bajeti ndogo. Ilimchukua muda kuelewa kuwa bajeti ndogo ya Verlin ilikuwa jina jingine la vitu vya Ardis.

Mradi wenyewe ulikuwa risasi. Katika nchi ile wapo wanaume wasiotosheka na risasi inayouzwa kwenye duka la misumari na rangi, ile ile iliyojaza mafriza ya babu zao kwa nyama. Huchukua ganda la kiwandani, wakalibana shingo, pale mdomoni linaposhika risasi, au wakalitanua mabega yaliyo chini ya shingo hiyo, wakalitia baruti kidogo zaidi, kisha wakaliita kwa jina lao wenyewe, kama mfalme anavyoita mji. Risasi ya namna hiyo, isiyo na kiwanda wala duka linaloitambua, huitwa paka mwitu. Benham peke yake ilikuwa imezaa paka mwitu watatu. Wawili walikuwa wamelala makaburini pamoja na mababa zao. Wa tatu alikuwa wa mzee Orrin Tvedt, mwenyekiti wa klabu ya walenga shabaha, na kitu pekee ambacho paka huyo aliwahi kupiga kilikuwa friji moja mbovu kwenye shimo la changarawe.

Verlin Stokke alikuwa mpima nafaka kwenye ghala la ushirika. Maisha yake yote alikuwa amepima ngano ya watu wengine na kuandika majina ya watu wengine, na sasa alitaka jina lake nalo liandikwe mahali. Hilo Ardis alilielewa. Kama lingeandikwa kwenye kitu cha Verlin, angemwandikia mwenyewe kwa rangi.

Kila wakati wa chakula cha jioni alisikia somo lile lile. Verlin alishika uma kama fimbo ya mwalimu na kueleza kwamba alianza na 30-06, risasi ya kawaida kuliko zote, inayopatikana hata kwenye kituo cha mafuta. Chemba ya bunduki, yaani kile kitanda ambamo risasi hulala, aliichonga ikawa pana kidogo mabegani. Sasa basi, alisema, huku viazi vikipoa, uzuri wake ni kwamba risasi ya dukani bado inaingia humo na inalipuka salama. Na ikilipuka, moto unalisukuma ganda lake litanuke mabegani, likashika umbo la kitanda kipya.

"Inaingia ya dukani, inatoka yangu," alimaliza, kila siku kwa maneno hayo hayo, na kila siku alisubiri kidogo ili mtu ashangae.

Kwa kuwa risasi za dukani zina bei, yeye aliyapata maganda yake kwa kuyaokota uwanjani, pale askari wa akiba wanapofanyia mazoezi. Akayatia baruti kiduchu, akayajaza unga wa mahindi juu yake, akaziba na kipande cha sabuni, akafyatua hewani nyuma ya banda la kuku. Ganda lilitoka limetanuka. Kuku walitoka wamepauka. Ardis alisimama dirishani akiutazama unga wake wa mkate ukipanda mbinguni kwa mlio, na ukirudi chini taratibu juu ya nguo alizokuwa ameanika.

"Na faida yake ni nini hasa?" alimuuliza siku moja.

Kasi, Verlin alisema. Akataja kasi ya zamani na kasi mpya. Tofauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mnyama aliye upande wa pili asingepata nafasi ya kuithamini.

Yote hayo Ardis aliyameza. Mafuta hununuliwa, foronya hushonwa. Lakini mwezi Septemba alifungua kabati la chumbani akatoa bunduki ya baba yake, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Halvor Haugen alikuwa amemwachia binti yake vitu vitatu: bunduki hiyo, koti jekundu la sufu, na tabia ya kukaa kimya mpaka mwenzako achoke. Bunduki ilikuwa na kitako cha mti wa jozi kilichong'aa kwa shavu la mzee, na chini yake herufi mbili za H alizozichonga kwa kisu kidogo majira fulani ya baridi alipokwama kambini kwa theluji. Ardis aliua nayo swala wake wa kwanza, baba yake akiwa amepiga magoti nyuma yake, ananuka kahawa. Mwaka huo aliitoa kwa sababu kubwa. Alikuwa ameshinda bahati nasibu ya kibali cha dume la elki, yule kulungu mkubwa kama ng'ombe aliyebeba mti kichwani, katika bonde ambalo watu huomba ruhusa nusu ya umri wao na wengine hufa wakiomba. Kibali kilikuwa na jina lake. Alitaka kwenda nacho na bunduki ya Halvor, basi, hakuna zaidi.

Alivuta nyuma komeo, kile chuma kinachoifungia risasi chembani. Ndani ya chemba kuling'aa upya, kama jino lililozibwa juzi, na harufu ya mafuta ya kukatia chuma ilimpanda puani. Aliigeuza bunduki kwenye mwanga. Juu ya mtutu, pale palipokuwa tupu miaka yote, pamegongwa kwa nyundo maneno: 30 STOKKE. Herufi moja ya K ilikuwa imepanda juu ya mwenzake.

Verlin alikuwa sebuleni, miguu juu ya kiti.

"Umeichonga bunduki ya baba."

"Nimeiboresha," Verlin alisema. Alionekana kama aliyekuwa akiingoja siku hii, na alikuwa na maelezo tayari. Kekee ya kuchongea chemba aliipata kwa mtu mtandaoni, rahisi kabisa, yule mtu alikuwa ameiharibu kidogo, yeye akainyoosha kwa jiwe.

"Jiwe langu la visu."

"Ni jiwe zuri sana lile, Ardis."

"Mbona hukuichonga ya kwako?"

Verlin alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali viatu. "Ya kwangu bado ina dhamana," alisema.

Ardis alirudi chumbani, akakaa kitandani na bunduki mapajani. Hakulia, akina Haugen hawalii, wanapungukiwa maneno tu. Alijisemea jambo moja: bunduki hii itakwenda mlimani, itarudi, na haitatoka tena ndani ya nyumba hii bila mkono wake.

Kwenye uwanja wa klabu walizijaribu risasi mpya. Nyingine ziliingia na kupiga vizuri, kwa kweli vizuri. Nyingine komeo lilikataa kufunga juu yake, na Verlin alilaumu baridi, kisha glavu, kisha namna Ardis anavyovuta pumzi. Maganda ya jeshi yana ngozi nene, na kifaa cha kuyabana alikuwa amekitengeneza mwenyewe kutokana na bolti ya trekta, lakini hayo hakuyataja. Usiku wa kuamkia safari alimjazia kasha zima, akaandika juu yake STOKKE kwa kalamu ya wino mzito.

Walipanda bondeni kabla jua halijafika kwenye theluji. Ardis alivaa koti la Halvor, na vesti ya rangi ya chungwa juu yake kama sheria inavyotaka. Verlin alifuata nyuma akihema na kuongea. Alikuja kama mbebaji, ndivyo walivyokubaliana. Lakini alibeba pia mkanda wa kupimia na kamera, na alimweleza mara kadhaa asimame vipi baadaye kwenye picha ili jina lililo juu ya mtutu lionekane.

Kwenye ukingo wa msitu walilala kifudifudi nyuma ya gogo. Ardis aliingiza risasi ya kwanza kutoka kwenye kasha. Komeo likafika katikati likasimama. Akaitoa, akaingiza nyingine. Ikasimama. Ya tatu ikasimama pale pale.

"Lipige kwa kiganja," Verlin alinong'ona.

"Nitalipigaje na uso wangu uko nyuma yake?"

"Kidogo tu. Linahitaji kubembelezwa."

"Libembeleze wewe. Mimi sipigi kitu chenye baruti."

Verlin alijaribu kubembeleza, uso ukamwiva mpaka masikioni. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ndivyo alivyopanga tangu mwanzo, kwamba fungu zuri zaidi lilikuwa kwenye pikapu, ndani ya sanduku la vifaa, yale maganda aliyoyapaka mafuta vizuri. Akayafuata, akateremka mteremko wote ule, kofia yake ya chungwa ikipotea na kutokea kati ya misonobari. Kila mara alipoteleza, Ardis alimsikia akimlaumu mlima.

Kukawa kimya. Ndipo walipotoka, majike kwanza, mmoja mmoja, wakinusa theluji. Nyuma yao dume. Lilikuwa kubwa kuliko lolote ambalo Ardis aliwahi kuliona, ukiacha vichwa vilivyotundikwa kwenye kuta za baa. Lilisimama ubavu, karibu, mvuke ukilitoka puani, na halikuwa na haraka yoyote.

Ardis aliingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani wa koti, si kwa kuwa alifikiri, bali kwa kuwa ndipo mkono wa baba yake ulipokuwa ukienda. Vidole vilikuta kile alichojua kingekuwepo: risasi chache za Halvor, za dukani, za kawaida, shaba yake imefifia kuwa kahawia, zimeshikwa pamoja kwa ukanda wa ngozi. Zimekaa humo tangu msimu wake wa mwisho. Na masikioni mwake ikasikika, bila kuitwa, sauti ya Verlin na uma wake. Inaingia ya dukani.

Kwa mara ya kwanza somo lile lilimfaa kitu.

Iliingia bila neno. Komeo likafunga kama mlango wa nyumba ya mtu mstaarabu. Ardis alingoja dume lisogeze mguu wa mbele, akatoa pumzi nusu, akafyatua. Dume lilipiga hatua kama linalofikiria jambo, likaanguka.

Verlin alipofika juu alikuta mke wake ana damu mpaka viwikoni, kisu mkononi, matumbo ya mnyama yanafuka kwenye theluji. Hakumtazama mke wala mnyama. Alipiga magoti nyuma ya gogo, akapapasa, akainuka ameshika ganda tupu. Mabega yake yalikuwa mapana, makali, mazuri kweli kweli. Alilishika kwenye mwanga wa jua kama padri anayeinua kikombe.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia ulipige kwa kiganja. Ona mabega hayo, Ardis. Ona."

"Verlin, hiyo siyo—"

"Risasi moja. Moja tu. Ni yangu hii."

"Nisikilize. Komeo lile—"

Lakini alikuwa anapiga picha ya ganda, huku dume likiwa nyuma, halionekani vizuri. Ardis aliangalia kazi iliyombakia, mnyama wa kukatwa vipande na kuteremshwa kwa mgongo, na giza la mapema linalokuja. "Shika mguu huu," alisema. Mengine aliona yangengoja.

Hayakungojeka, maana Verlin hakungoja. Kufikia Jumapili, Benham yote ilikuwa na habari kwamba 30 Stokke imelaza dume hapo hapo. Kinyozi alijua, mchungaji alijua na akalitaja kwenye matangazo kati ya majina ya wagonjwa na mauzo ya keki. Masafa ya risasi yaliongezeka kila iliposimuliwa; kwenye ghala la ushirika yalifika ng'ambo ya bonde, mahali ambapo Ardis angehitaji darubini ili aone kama kuna mlima. Jina la mpigaji lilitajwa mwanzoni, kisha likawa "mke wangu", kisha likawa "sisi", kisha habari ikawa haina mpigaji kabisa, ni risasi tu iliyotoka kwenda kuwinda yenyewe.

Ardis alikuwa na nafasi nyingi za kusema. Hakusema. Verlin alikuwa anaimba akioga, na sabuni ilikuwa inatumika kwa kazi yake. Mtu anaweza kumwachia mumewe uongo ambao hata yeye hajui ni uongo, kama unavyomwachia mtu kofia mbaya anayoipenda. Friza ilikuwa imejaa. Bunduki ilikuwa kabatini.

Kisha asubuhi moja, Ardis akipaka siagi mkate, Verlin alisema kwamba Royce Prewitt atakuja kwenye chakula cha klabu. Prewitt alitengeneza mitutu kule Billings na alikuwa na kitabu cha bidhaa ambacho wanaume wa kaunti tatu walikisoma chooni. Alikuwa tayari kuiingiza 30 Stokke ndani yake, kwa jina, ukurasa wake wenyewe.

"Hongera," Ardis alisema, na alimaanisha.

"Anachotaka ni bunduki yenyewe tu. Ile mama. Aitundike dukani kwake, na ganda la dume chini yake kwenye kioo."

Kisu cha siagi kilisimama mkononi mwa Ardis. "Bunduki ipi?"

"Hiyo hiyo."

"Bunduki ya baba yangu itundikwe Billings."

"Kwenye ukuta mzuri, mpenzi, wenye taa. Nimeshamwambia ndiyo." Alimega mkate. "Ungependa ikae gizani kabatini?"

Ardis alimtazama kwa muda. Alikuwa anatafuta usoni mwa mwanamume yule alama yoyote ya kujua kwamba ameomba kitu, au kwamba kuna kitu cha kuombwa. Hakuna. Alikuwa anatafuna.

"Usisahau ganda," alimwambia. "Watu watataka kulishika."

Chakula cha klabu hufanyika kwenye ukumbi wa zimamoto, magari mekundu yakitolewa nje yapigwe na baridi ili watu wakae. Ardis alileta chili, mchuzi mzito wa pilipili na maharagwe, ya nyama ya elki kwenye sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na wake za wanachama walileta mikate ya mdalasini ya kuliwa nayo. Bunduki ya Halvor ililazwa kwenye meza ya mbele, komeo limetolewa, juu ya kitambaa cha bluu. Prewitt alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye mikono mizuri. Alikula bakuli mbili, akamwambia Ardis kwamba chili ni nzuri, na alipoambiwa kwamba ni ya dume lenyewe, alilitazama bakuli kwa heshima.

Verlin alisimama. Alizungumza juu ya baruti na mabega. Alizungumza juu ya bajeti ndogo, watu wakacheka pale walipotakiwa, hasa kwenye unga. Alieleza kwamba hakununua ganda hata moja. Yote ni ya jeshi, kayaokota mwenyewe kwa kupiga magoti. Kisha akatoa ganda la dume kwenye kijimfuko cha kitambaa, ambacho Ardis alikitambua kuwa pindo la foronya yake, akampa mzee Orrin ili lipite mkono kwa mkono.

Watu wa kule wana desturi moja wasiyoijua kuwa ni desturi. Ukimpa mmoja wao ganda la risasi, kabla ya kutazama umbo lake huligeuza na kusoma kitakoni, maana huko kiwanda huandika ni nani aliyelizaa na ni risasi gani. Ni kama kumtazama mtu usoni kabla ya kumpa mkono. Mtoto wa Benham hulifanya hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Verlin naye amelifanya maisha yake yote. Lakini ganda hili alilipenda, na mtu hakagui kitu anachokipenda. Alikuwa ameyatazama mabega siku baada ya siku na hakuligeuza hata mara moja.

Orrin aliligeuza. Alishusha miwani kwenye pua. Alisoma, akaipandisha miwani, akasoma tena. Kisha akamtazama Verlin, ambaye alikuwa anatabasamu, kisha akamtazama Ardis, mbali kule kwenye sufuria, ameshika upawa. Akampa jirani yake. Jirani akaligeuza. Akamtazama Verlin, akamtazama Ardis, akalipitisha. Likapita hivyo meza nzima na meza ya pili, likigeuzwa na kila mkono, na nyuma yake ukimya uliingia kama baridi inavyoingia chini ya mlango. Mwanamke mmoja alikohoa ndani ya leso na hakuitoa leso usoni. Verlin aliona ukimya ule ni heshima, na macho yakamlowa.

Likafika kwa Prewitt. Aligeuza, akasoma, akaliweka mezani limesimama wima.

"Bwana Stokke," alisema, "maganda yako ni ya jeshi, umesema."

"Yote. Nimeyaokota mwenyewe."

"Hili limeandikwa jina la kiwanda cha risasi za kuwindia. Na chini yake, 30-06." Alilisogeza kwa kidole. "Na hiki kiwanda, kama sikosei, kilifungwa mimi nikiwa shule."

Verlin alilichukua. Aliligeuza. Midomo yake ilisoma kila herufi peke yake.

"Ni risasi za baba," Ardis alisema kutoka kwenye sufuria. Hakuinua sauti, hapakuwa na haja, ukumbi mzima ulikuwa umegeuka. "Zilikuwa kwenye koti lake. Zako zilikataa kuingia, ukaenda kwenye pikapu. Dume halikukungoja."

"Lakini umbo," Verlin alisema. "Jamani, hili umbo ni langu. Mnaona mabega."

"Umbo ni la chemba," Prewitt alisema, si kwa ukali. "Yoyote ya dukani utakayoitia humo itatoka hivyo."

"Si ndivyo ulivyonifundisha," Ardis alisema. "Inaingia ya dukani, inatoka yako."

Mzee Orrin ndiye aliyeanza. Ilikuwa sauti nyembamba, kama birika, na alijaribu kuizuia kwa heshima ya uenyekiti, lakini miaka mingi alikuwa amebeba aibu ya ile friji peke yake. Ikamtoka, na ukumbi wote ukamfuata. Walicheka mpaka vijiko vikalia mezani. Mtu mmoja alipendekeza klabu iandike sheria kwamba kila mvumbuzi aoe mke mwenye koti. Mwingine alitaka kujua kama 30 Stokke inafaa kwa mkate. Verlin alisimama katikati na ganda kiganjani, masikio yamemwiva.

Ardis hakucheka. Alifuta mikono, akapita kati ya meza mpaka mbele. Prewitt alikuwa ameinua bunduki na kuigeuza, naye kama wote alianza chini. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye herufi mbili za H.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Alimuuliza Ardis.

"Ilikuwa ya baba yangu. Sasa ni yangu. Na sikuulizwa."

"Basi samahani, mama," Prewitt alisema, akaiweka mikononi mwake kwa mikono miwili. Baadaye, wakati watu wanakunja viti, alimfuata mlangoni akamwambia kwamba mtutu wa namna ile hautengenezeki tena kuwa wa kawaida, lakini mtutu mpya unaweza kufungwa kwenye bunduki ile ile, kitako kikabaki kama kilivyo. Ardis alimuuliza kama anapokea bunduki kwa kubadilishana. Nzuri, karibu mpya, bado ina dhamana.

Prewitt alisema dhamana ni kitu kizuri sana.

Verlin mwenyewe ndiye aliyezipeleka Billings zote mbili, ya Halvor na ya kwake. Hakuambiwa mara mbili, na njiani hakufungua redio. Alirudi na bunduki ya Halvor yenye mtutu mtupu usio na jina la mtu, unaokula risasi za kituo cha mafuta na kuzitapika jinsi zilivyoingia. Mtutu wa zamani alirudishiwa umekatwa vipande. Kile chenye maandishi, K moja juu ya mwenzake, sasa kinazuia mlango wa chumba cha kufulia usijifunge, na kwa kazi hiyo hakijawahi kukataa.

Machi, theluji ilipoanza kuoza barabarani, Ardis alirudi kutoka kwenye greda, akakuta kopo jipya la mafuta kando ya sinki, limejaa. Alikaa akavua buti. Verlin alitokea kwenye mlango wa jikoni, akasimama kizingitini kama mgeni, ameshika kikombe cha kupimia. Alikuwa na wazo dogo, alisema, dogo sana, la risasi ya sungura. Alitazama kabati. Alitazama mke wake. Ilimtoka kwa shida, kama ganda lililokwama.

"Ardis, naomba unga wa mahindi."

Ardis alichovya vidole kwenye kopo, akaanza kupaka nyufa za mkono wa kushoto, moja moja, bila haraka.

"Duka liko wazi," alisema.